Kaka Lusajo, Ile VPN ya Kilolo

Kaka Lusajo,

Kuanzia Uyole mpaka Kilolo, pita Makambako, pita Mafinga, panda milima yote unayoijua, hakuna binadamu anayeijua VPN, hiyo njia yetu ya siri ya mtandaoni, kunizidi mimi. Hayupo na hajazaliwa. Wenye digrii zao wakisikia Gwakisa anakuja wanafunga laptop na kuuliza choo kiko wapi. Hata wewe uliyenifundisha, samahani sana mkubwa, ungekuwepo leo ungekaa kwenye ile stuli fupi unanishikia bisibisi.

Najua umeshacheka. Umecheka ile ya puani, halafu umesema, "Gwakisa, maneno yako yangekuwa umeme, Mbeya yote ingewaka taa mpaka mchana."

Cheka. Ukimaliza unisikilize, maana nina hasira na sina wa kumwambia. Jumanne hii inayokuja kamati ya zahanati ya Kilolo inamuita Sista Vumilia. Wanataka kumtoa kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Sista Vumilia yule yule, uliyemfundisha kuchapa kwa vidole kumi wakati mimi mpaka leo natumia viwili. Wanasema anachomoa waya wa mashine. Nakuandikia ujue mambo yamefikaje huko, na mimi nikiandika labda nitajua nifanye nini.

Kwanza habari za hapa. Fremu yetu ya Soweto hapa Mbeya ipo. Kiti chako nimekikalia, usinune, kilikuwa kinashika vumbi. Kikombe chako sijakigusa. Yule jirani wa duka la nafaka bado anakuja asubuhi anaita "Lusajo!" akitaka kuazima ngazi, halafu anakumbuka, anaondoka bila ngazi. Shemeji Neema amerudi sokoni Uyole kwenye viazi vyake. Mwanao ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kitu, juzi ameng'ata rimoti mpaka kitufe cha sauti kimeingia ndani. Nimeambiwa nitengeneze. Familia nzima mnanionea.

Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa vitu vyako. Koti la ngozi alipewa baba mdogo, na ukimuona kwa nyuma akipita unaweza ukapiga kelele. Viatu havikumtosha mtu. Laptop wakaniita mimi. Shemeji akasema mbele ya watu wote, "Huyu ndiye mdogo wake wa kazini, achukue." Baba mdogo akaniwekea mkononi, akasema kwa Kinyakyusa kwamba kuanzia leo kazi ya Lusajo ni ya huyu. Nikajibu ndaga, asante. Nililia kidogo. Kidogo tu, upepo ulikuwa na vumbi.

Basi, wiki mbili baadaye akaja Daktari, yule anayewatibu wagonjwa wa Kilolo akiwa huku Mbeya.

Unakumbuka laptop yake, ile iliyokuwa inalia kama mashine ya kusaga? Ilikufa kabisa. Akanunua mpya, nyembamba, mpaka unaogopa kuishika. Akaniambia, "Lusajo aliniahidi ataniwekea VPN mwenyewe. Sasa ndiyo hivyo. Wewe unaweza?"

Mimi kuulizwa kama naweza! Nikamwambia, "Dakika tano, Daktari. Kaa uhesabu."

Tatizo, kaka, ni lile somo. Ule mchana ulionikalisha unifundishe kutengeneza ufunguo mpya wa VPN, mimi sikio moja lilikuwa kwenye mpira redioni. Ulisema, na hilo nalikumbuka vizuri, "Kila mtu na ufunguo wake, Gwakisa. Hata mke na mume." Ukaniuliza nimeelewa? Nikasema zamani sana. Ukasema, haya rudia. Nikasema mteja ananiita nje. Hakukuwa na mteja. Ulijua hakuna mteja, ukaniacha niende, ukaendelea kuandika kwenye lile daftari lako la jalada la kijani.

Kwa hiyo Daktari amekaa mbele yangu anahesabu dakika kweli, mtu mzima yule, anaangalia saa. Nikafungua laptop yako. Faili la ufunguo wako lilikuwepo, faili dogo, mistari haizidi kumi, jina lako juu. Nikawaza hivi: laptop nimepewa mbele ya wazee. Kazi nimepewa mbele ya wazee. Basi na ufunguo nimepewa. Baba mdogo anavaa koti mpaka kanisani na hakuna anayemuuliza. Nikanakili faili lako nikaliweka kwenye laptop ya Daktari. Nikaona haitoshi, nikaliweka na kwenye simu yangu, ili niwe naingia kukagua seva ya zahanati nikiwa popote, kama bosi.

Ikawaka. Dakika nne. Daktari akafungua orodha ya wagonjwa wa sukari na wa presha wa kule Kilolo, yuko hapa Soweto amekaa, akasoma jina la bibi mmoja na vipimo vyake vya wiki ile. Akanishika bega. Akasema, "Kumbe Lusajo ameacha mtu." Kaka, nilitembea kama nimebebwa. Nilimwambia muuza nafaka, nikamwambia kondakta, nikamwambia mama mmoja aliyekuja kununua kava ya simu na hakutaka kujua.

Ijumaa yake Daktari akapiga kutoka nyumbani kwake Uyole. Unajua siku zake ni Jumanne na Ijumaa, anasoma kumbukumbu za wagonjwa, anampigia Sista Vumilia, anamwambia huyu mwongezee dawa, yule mpunguzie, yule aende hospitali ya wilaya. Sauti yake haikuwa ile ya kushika bega. "Gwakisa, inafunguka, inaganda. Inafunguka, inaganda. Umeniwekea VPN au mlango wa baa?"

Hapo ndipo mateso yalipoanza, na sitaki utani hapa. Nilikesha mchana, kama kuna kitu kama hicho. Nililaumu mvua. Mvua ikakata, ikaganda vile vile. Nikalaumu laini yake ya simu, akabadilisha laini. Nikalaumu bando, akanunua jingine. Nikaifuta ile programu ya VPN kwenye laptop yake nikaiweka upya mara tatu, nikarekebisha saa ya laptop, nikamwambia asogee dirishani upande wa mlimani. Mzee wa watu alibeba laptop mpaka kwenye banda la kuku kwa sababu mimi nilisema huko mtandao uko wazi. Ilikaa dakika mbili, ikaganda. Kuku ndio waliofaidi, walipata mtu wa kuwaangalia.

Nikawa nampigia Sista Vumilia kila saa, anisomee taa za kwenye kile kisanduku cha mtandao ulichomfungia ukutani.

"Kamwene, fundi mkubwa," ndivyo anavyonisalimu kwa Kihehe chake, na hapo tayari anacheka. "Taa ya kwanza kijani. Ya pili kijani. Ya tatu inakonyeza."

Nikamuuliza inamkonyeza nani.

"Inakukonyeza wewe, mnyalukolo, ndugu yangu. Inakwambia hujui."

Nikamwambia azime, awashe. Azime, ahesabu mpaka thelathini, awashe. Siku moja alinifanyia hivyo mara saba, na wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Mara ya saba akasema, "Kaka yako alikuwa anauliza swali moja halafu ananyamaza. Wewe unauliza ishirini na hunyamazi." Niliudhika sana. Niliudhika kwa sababu alikuwa anasema kweli, na mimi ukweli wa mchana sipendi.

Kuna siku alipendekeza apige picha kadi za wagonjwa amtumie Daktari kwa simu, mambo yaishe. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Hapana. Lusajo alisema siri ya mgonjwa haipiti kwenye simu ya mtu." Badala yake akawa anamsomea Daktari kadi moja moja kwa sauti, amejifungia chumbani, saa mbili nzima, mpaka anakauka koo. Kila Jumanne na kila Ijumaa. Hakuniambia. Nilisikia kwa Daktari.

Mwishowe nikaamua kwenda mwenyewe. Nikapanda basi mpaka Iringa, nikadandia gari la Kilolo lililojaa mbao na mbuzi mmoja mwenye dharau. Na mtaalamu wako, bingwa wa nyanda zote za juu kusini, nilisahau waya wa chaji Soweto. Simu ilizima nikiwa Mafinga. Kule kwa Sista wote wana chaji za tundu lile jingine. Nikakaa siku mbili sina simu. Baridi ya kule unaijua. Nilivaa kanga ya Sista juu ya jaketi, na sitaki uwaambie watu huko ulipo.

Sasa sikiliza. Nimefika, nimefungua kile kisanduku, nimefuta vumbi, nimebana waya mmoja ambao haukuwa umelegea. Daktari akapiga simu ya Sista. "Imekaa! Inafunguka kama maji!" Jumanne nzima haikuganda. Jumatano nikamwambia ajaribu tena makusudi, ikakaa. Mimi nimesimama katikati ya chumba na kanga yangu, nimekunja mikono. Sista akaniuliza umefanya nini? Nikamwambia mashine inajua nani ameingia chumbani.

Nikarudi Mbeya. Nikachomeka simu kwenye chaji, ikawaka. Ijumaa, Daktari: "Imeganda."

Kaka, nilitaka kuitupa ile simu mtoni. Ningeitupa, yangeisha yote. Lakini sikujua.

Daktari naye ana akili, anapanga mambo kama anavyopanga dalili. Akasema, fundi akiwepo kule inakaa, akiondoka inaganda. Kwa hiyo kuna mtu anagusa kitu fundi akiondoka. Akaniuliza mimi naonaje. Nilikuwa nimechoka, nimetukanwa na kuku, na kitu ninachojua kuliko vyote ni kuficha kwamba sijui. Nikasema, "Muulize Sista. Chumba ni chake. Labda anachomoa ili achaji simu za watu."

Nilisema hivyo. Nilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Na kule kijijini kuchaji simu za watu kwenye mashine ya zahanati ni kosa la kuitwa mbele ya kamati. Daktari akaniaga. Zikapita Jumanne mbili na Ijumaa moja, kila siku anaandika muda inapoganda, halafu akapeleka neno kwa mwenyekiti wa kamati.

Ufunguo wenyewe niliugundua siku ya Jumatano, wiki hii inayoisha. Nilikuwa hapa fremu, nimefungua, kama kila siku, ule ukurasa wa seva unaoonyesha nani ameingia na mara ya mwisho lini. Majina ni mawili. DAKTARI, yaani ufunguo wa ile laptop yake iliyokufa, miezi mitatu iliyopita. Halafu LUSAJO, sekunde kumi zilizopita. Pembeni ya jina lako kuna anwani ya mahali unapoingilia, ambayo sikuwahi kuitazama, na ile anwani ilikuwa inaruka. Uyole. Simu yangu. Uyole. Simu yangu. Nikaitazama mpaka chai ikapoa. Ndipo nikaelewa ulichosema kuhusu mke na mume. Seva inaona watu wawili, wote wanasema mimi ni Lusajo, nayo inamfuata aliyesema mwisho. Na wewe ulikuwa umeandika kwenye lile faili kwamba iite seva kila baada ya sekunde ishirini na tano ili njia isilale. Kwa hiyo kila Daktari akiingia, simu yangu mfukoni inaita, seva inamwacha mzee inakuja kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa namtoa. Nikiwa nimelala, nikiwa nakula, nikiwa namwambia asogee kwenye banda la kuku.

Jana Jumamosi asubuhi nilikaa na daftari lako la kijani. Mwandiko wako ni wa kuku, samahani. Nilikosea mara nne. Kuna ufunguo wa kubaki kwako na ufunguo wa kumpa mwenzako, mimi nikabadilisha, nikampa mwenzangu wa kubaki, nikafuta, nikaanza upya. Mara ya tano ukakubali. Nikatengeneza wa Daktari, mpya, wa kwake peke yake. Nikatengeneza na wa kwangu, nikaandika GWAKISA kwa herufi kubwa. Nikaenda Uyole kwa miguu yangu kumwekea. Tukakaa naye saa nzima anafungua kadi za wagonjwa, moja baada ya nyingine, haikuganda hata mara moja. Nikazima simu, nikawasha, haikuganda. Akaniuliza shida ilikuwa nini hasa. Nikasema, "Mambo ya ufunguo, Daktari, ya kitaalamu." Akaridhika. Kaka, aliridhika, na mimi nikanywa chai yake.

Kisha nikarudi fremu nikafuta jina lako kwenye seva, kwa sababu ufunguo uliotapakaa kwenye mashine tatu hauachwi, wewe mwenyewe ungenipiga kofi. Mashine ikauliza, una uhakika? Nikasema ndiyo. Ikafuta. Haikuchukua hata sekunde.

Mchana huo huo Sista Vumilia akapiga. Hakusema kamwene. Alisema, "Gwakisa, mdogo wangu, nimepata barua. Wewe ndiye unayeijua ile mashine. Jumanne njoo unisemee." Alikuwa anaongea polepole, kama anasoma kadi. Nikamwambia usijali dada, mimi nipo, nikifika pale kamati yote itakaa chini. Akasema asante. Akasema asante mara mbili.

Sijala vizuri tangu hapo. Sasa nakuaga, kaka, maana nikiendelea nitaanza tena kujisifu. Lala. Shemeji nitamwangalia, na rimoti nitaitengeneza. Kesho Jumatatu alfajiri napanda basi la Iringa, waya wa chaji tayari nimeufunga kwenye begi. Jumanne nitasimama mbele ya kamati, mbele ya Daktari kwenye simu na mbele ya Sista mwenyewe, na nakuahidi nitasema lile ambalo mpaka sasa sijamwambia mtu.

Nitasema Sista Vumilia hajawahi kuchomoa waya, ni mimi niliyemsingizia. Na hilo siyo lote. Jumatano nilipogundua nilizima simu, na Daktari akajaribu, ikakaa vizuri. Alipofunga laptop yake, ule ukurasa ukaanza kuhesabu. LUSAJO, dakika kumi zilizopita. LUSAJO, saa moja iliyopita. LUSAJO, saa tatu zilizopita. Tangu tulipokuzika sijafika kaburini, kaka. Nilikuwa nakuja pale kwenye ukurasa, nakukuta umeingia sekunde kumi zilizopita, naendelea na kazi. Nikaiwasha simu tena. Niliiwasha najua. Nikaiacha Alhamisi, nikaiacha Ijumaa, Daktari akatupwa nje mara nyingine nami nikanyamaza, na barua ya kumuita Sista iliandikwa Ijumaa hiyo jioni.